Wameihamisha Gonja

Kambi ya Misitu, Shengena
5 Novemba 1951

Ndugu yangu Swalehe,

Salamu nyingi kutoka mawinguni. Wiki iliyopita nilifua shati, na mpaka leo halijakauka. Bwana Misitu anatutembeza kupima mpaka wa msitu. Mimi ndiye mshika dira, na shemeji yangu Asheri anavuta mnyororo wa kupimia. Chakula kipo, baridi ndiyo imezidi.

Nakuandikia kwa ajili ya neno. Tangu tukisoma shule pale Same wewe ndiye uliyekuwa ukinifungulia Kiingereza, na sasa ni karani wa simu hapo Makanya, umezungukwa na waya na betri. Juzi Bwana alikuwa anaikagua dira, akataja neno polariti. Nikamwuliza maana yake. Akanionyesha ncha ya sindano iliyopakwa buluu, akasema, "Hii." Akanionyesha na ncha nyeupe, akasema, "Na hii." Kisha akaenda kunywa chai.

Sasa polariti ni ncha ipi? Asheri anasema ni kaskazini. Mimi nimeliandika kuwa ni "kinyume", lakini moyo haujaridhika.

Unaniuliza habari za nyumbani. Lydia yuko Gonja, kwenye zahanati ya misheni, anaendelea na zamu zake. Sijateremka tangu Agosti. Kazi ni nyingi.

Rafiki yako,
Anaeli

*

Stesheni ya Makanya
11 Novemba 1951

Ndugu Anaeli,

Nimecheka. Wewe na Asheri wote mmekosa.

Polariti si ncha ya buluu wala ncha nyeupe. Ni ile hali ya kitu kimoja kuwa na ncha mbili zisizofanana, ambazo haziwezi kuachana. Hapa ofisini betri zangu zina upande wenye alama ya kujumlisha na upande wenye alama ya kutoa. Nikiunga waya vibaya, mshale wa geji unalala upande usio wake, nami najua nimekosea polariti. Kwa sumaku ni hivyo hivyo: ncha moja inatafuta kaskazini, nyingine kusini.

Usiseme "kinyume". Kinyume kinataka vitu viwili, kama moto na baridi. Hii imo ndani ya kitu kimoja. Ichukue sumaku uikate katikati ili ubaki na ncha moja tu: hupati. Kila kipande kinaota ncha ya pili hapo hapo. Stesheni masta wetu hulitumia hata kwa watu. Anasema mkewe na mama yake wana polariti, na yeye ndiye waya katikati.

Neno la Kiswahili bado sina. Tafuta wewe, uko karibu na Mungu huko juu.

Na kazi haiwi nyingi hivyo, Anaeli. Teremka ukamwone mkeo.

Swalehe

*

Kambi ya Misitu, Shengena
20 Novemba 1951

Dada Lydia,

Shikamoo. Mimi mdogo wako ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali.

Ijumaa mvua kubwa ilitupiga, na radi nazo hazikukosa. Mti mmoja karibu na hema umepasuka, ila sote tu wazima. Shemeji Anaeli alipata kizunguzungu kidogo, kimeshapita, na Bwana amempa ruhusa ya kupumzika nyumbani. Jana asubuhi aliondoka peke yake kuja kwako. Tulimwambia angoje ukungu uondoke, hakutaka kusikia. Akasema dira anayo, inamtosha.

Nadhani unaposoma haya yuko hapo mezani kwako. Nimempa chupa ya asali ya msituni akuletee. Mwambie asiifungue yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Asheri

*

Gonja
24 Novemba 1951

Mdogo wangu Asheri,

Marahaba. Barua yako imefika. Anaeli hajafika.

Kutoka huko kwenu mpaka hapa, mwenye miguu mizima huchukua mwendo wa kutwa. Nimeuliza kwa akina mama wanaoteremsha viazi sokoni, nimeuliza kwa wagonjwa wanaotoka juu. Hakuna aliyemwona.

Nikuulize jambo, nawe unijibu kama mtu mzima. Tulipomzika Ruthi mwezi wa Julai, wewe ulikuwepo. Uliona jinsi Anaeli alivyosimama mbali na kaburi, hakutoa chozi. Akakaa hapa kidogo, akawa anashindwa kuingia chumba alicholala mtoto, hata akitumwa kitu. Kisha akasema kambi inamwita, akaondoka. Kila mwisho wa mwezi wewe umekuja kunijulia hali. Yeye hakuja.

Kama amenikimbia, niambie. Kama amekwenda kwa mwanamke mwingine, Same au Mombasa, niambie pia. Nimeshazoea kuzika, nitalizika na hilo. Lakini usiniandikie habari za asali.

Dada yako,
Lydia

*

Kambi ya Misitu, Shengena
27 Novemba 1951

Dada Lydia,

Shikamoo. Nisamehe. Nilikuficha.

Radi haikupiga mti tu. Ilipitia kwenye mti ikashuka na nguzo ya hema. Shemeji alikuwa ameketi ameegemea nguzo ile ile, dira iko kwenye mfuko wa shati. Alipoanguka hakuwa anapumua. Bwana akamgandamiza kifua mpaka pumzi ikarudi. Alilala hadi mchana wa siku ya pili. Alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani amegeuza hema?" Tukacheka kwa furaha, tukadhani anatania. Akala, akatembea, akazungumza vizuri. Ila kila alipotoka hemani alisimama kwanza mlangoni kama mgeni, akaitazama dira, ndipo akaenda. Nililiona hilo nikalinyamazia.

Kuhusu uliyoniuliza: Dada, hakukukimbia. Alipoamka alikutaja wewe. Alisema, "Nimekaa sana mbali na Lydia. Narudi." Akaanza kufunga mzigo.

Tangu barua yako ifike tumeitafuta njia yote ya kushukia Gonja, makorongo na maporomoko yote. Hatukuona hata kitambaa. Penye njia panda, kwenye tope lililokauka, tuliona nyayo zinazofanana na za viatu vyake. Zilikuwa zinaelekea Chome, upande wa machweo. Wenzangu wakasema si zake, maana nani aendaye Gonja akashika njia ya Chome? Nami nikakubali, tukaziacha.

Sasa ninapokuandikia, nyayo zile haziniondoki machoni. Zilikuwa na haraka.

Asheri

*

Stesheni ya Makanya
28 Novemba 1951

Shemeji Lydia,

Hatujawahi kuonana. Mimi ni Swalehe, karani wa simu hapa Makanya, rafiki wa mumeo tangu shule. Naandika upesi ili barua iwahi treni ya kwenda Same, na kutoka huko ipate lori la Gonja.

Anaeli alikuwa hapa jana. Yu hai.

Ilikuwa mchana wa jua kali, treni imeshapita, jukwaani hapana mtu. Nikasikia dirisha la tikiti linagongwa. Nikainua macho, ni yeye. Shati limeungua ubavuni, ndevu zimeota, viatu vimekwisha. Akanisalimu bila mshangao wowote, kama watu walioagana asubuhi.

"Swalehe. Kumbe na wewe wamekuleta huku?"

"Huku wapi, bwana? Mimi niko Makanya, nilipo siku zote."

Akaitazama reli upande huu na upande huu, kisha akanitabasamia kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Niliteremka nikafika Gonja," akasema, "nisiikute. Kuna nyumba za watu wengine na kanisa jingine. Wameihamisha Gonja, Swalehe. Wameisogeza mbele. Lakini sindano haidanganyi. Nitaifikia."

Nikamwambia ageuke aitazame milima nyuma yake, ndiko alikotoka, na Gonja iko ng'ambo yake. Hakugeuka. Akasema, "Ile ni milima ya upande wa pili. Inafanana na yetu, ndiyo sababu watu wanapotea."

"Na jua je? Linatua wapi?"

"Jua nalo wameligeuza."

Nikamwuliza shati limeungulia wapi, akanieleza habari ya radi kwa maneno machache, kama jambo lililompata mtu mwingine. Nikamketisha kivulini. Alikuwa ameishika dira kifuani, nikaomba niione. Shemeji, mimi ninaishi na reli hii. Najua hata nikifumba macho kwamba Same iko kaskazini na Hedaru iko kusini. Ncha ya buluu, ile ya kaskazini, ilikuwa imeelekea Hedaru. Nikaigonga kwa kidole. Ikacheza, ikazunguka, ikarudi pale pale, ikatulia bila wasiwasi.

Nikaenda kumletea chai na muhogo. Niliporudi, benchi lilikuwa tupu.

Mwezi huu huu aliniuliza maana ya neno polariti, yaani zile ncha mbili za sumaku. Nikamweleza. Ila sikuwaza kumwandikia kwamba ncha hizo zaweza kubadilishana. Umeme mkubwa ukiipita sindano, kaskazini yake inakuwa kusini. Kwa macho huoni kitu: rangi ni zile zile, inacheza vile vile, inaonyesha kwa uhakika ule ule. Sindano imegeuzwa na radi. Mumeo naye, sijui niseme nini. Naona radi ile ile imewapita wote wawili.

Kwa hiyo usimtafute huko kwenu. Kila hatua anayopiga akija kwako inampeleka mbali nawe. Mbele yake sasa ni nyika tupu, haina maji mpaka Mto Ruvu.

Niagize la kufanya.

Swalehe

*

Gonja
30 Novemba 1951

Shemeji Swalehe,

Nampa dereva barua hii injini ikiwa inanguruma.

Mfuateni. Nimempelekea Asheri habari ateremkie kwako kwa njia ya Chome. Chukueni maji mengi na mtu anayejua Kimaasai. Akiwa amekufa mnizikie, nami nitakuja kuliona kaburi. Akiwa hai msimpige wala msimfunge kamba, hata akibisha.

Wiki nzima nilimhesabu kuwa mtu aliyenipa mgongo. Nilimsema kwa Mungu na nilimsema kwa majirani. Naye alikuwa anakuja kwangu kwa nguvu zake zote.

Lydia

*

Mtoni Ruvu
6 Desemba 1951

Dada Lydia,

Shikamoo. Mshukuru Mungu, tumempata shemeji akiwa mzima. Amekonda tu na midomo imepasuka. Anakula samaki, ananywa maziwa ya wafugaji, anaulizia hali yako. Tunampumzisha kidogo, kisha tutamleta. Huna haja ya kuja, njia ni mbaya na jua ni kali. Kaa nyumbani utungoje.

Ni mimi mdogo wako,
Asheri

*

Stesheni ya Makanya
7 Desemba 1951

Shemeji Lydia,

Pamoja na hii nakutumia barua ya Asheri. Aliyoandika ni kweli, lakini amechagua. Usimkasirikie, anakupenda. Mimi nimeona si haki usijue.

Wafugaji ndio waliotuelekeza. Mzee mmoja alituambia waliona mtu anakatiza nyika peke yake, wakamwita wakampa maziwa. Alishukuru kwa adabu akaendelea. Kilichomtisha mzee ni kutembea kwake. Ardhi ile ni tambarare kama meza, Shemeji. Naye alikuwa ameinama mbele, anashika magoti, anahema kama mtu anayepanda mlima. Mbele kidogo akaanza kujizuia kwa visigino, kama anayeteremka. Vijana wao hawakutaka kumkaribia tena.

Tulimkuta kando ya mto. Amejenga nyumba. Sisemi kibanda. Amepanga mawe chini kufuata kuta za nyumba: sebule, chumba, jiko lenye mafiga matatu, na nafasi ya mlango inayotazama milimani. Hakuna ukuta unaozidi kifundo cha mguu, hakuna paa. Tulipotaka kuvuka mawe akatupazia sauti, "Piteni mlangoni!" Nasi tukazunguka tukapita mlangoni, Mungu ndiye shahidi, na Asheri akainamisha kichwa asijigonge.

Asheri alipoiona ile mistari ya mawe alianza kulia. Akaninong'oneza kwamba ni nyumba yenu ya Gonja, chumba kwa chumba.

Kuna chumba kidogo pembeni, ametandika majani, amezungushia miiba. Nilitaka kuchungulia. Akanishika mkono. "Polepole. Ruthi amelala."

Sasa sikia nililofanya, kwa sababu ni mimi niliyelifanya. Nilikuwa nimebeba sumaku ya simu mbovu. Niliona kwamba ugonjwa wake umeshikwa na ile sindano, na sindano inaponyeka. Aliposinzia mchana niliichukua dira, nikaifungua, nikaisugua sindano kwa sumaku mpaka polariti ikarudi mahali pake, buluu ikatazama kaskazini ya kweli. Nikamrudishia mkononi.

Alipoamka akaitazama. Akasimama. Akautazama mlango, akautazama mto, akaitazama milima. Sijapata kuona uso wa mtu ukibomoka namna ile. Akaanza kuuliza kwa sauti ndogo, "Nyumba iko wapi?" Kisha akajitupa kwenye kile chumba kidogo, akapapasa majani. "Mtoto yuko wapi? Asheri, mtoto yuko wapi?" Akakimbilia mtoni. Asheri alimshika maji yakiwa yameshamfika kifuani, na ilibidi tumvute sote wawili.

Nikaichukua dira nikaisugua tena kwa upande mwingine. Nikairudisha kwenye uongo wake. Akaiangalia, akatulia, akatuuliza kwa upole mbona tumelowa.

Mimi si daktari. Nimerudi kazini, Asheri amebaki naye. Hataki kuondoka, anasema ukitoka zamu utakuta nyumba tupu. Nilimwambia kwamba Gonja yenyewe iko ng'ambo ya milima, akaanza kuutazama mto, nikayaacha hayo.

Nadhani ni wewe tu. Ukija, vaa gauni lako la kazi. Tena uniambie: mtu akitoka mlangoni kwenu, zahanati iko mkono gani? Lazima utokee upande huo huo.

Swalehe

*

Gonja
20 Januari 1952

Shemeji Swalehe,

Nimechelewa kukushukuru, na najua umengoja. Mama yako naye nimshukuru kwa kitanda na chakula siku tuliyopita hapo kwenu.

Anaeli anaendelea vizuri. Mkono wa kulia bado mzito tangu radi, na asubuhi husimama kwanza mlangoni kabla ya kutoka, lakini anatoka. Anaijua zahanati, anaujua mlima, anajua jua linachomoza wapi. Mwanzoni nilimfichia dira. Baadaye akaniambia mwenyewe, "Ipeleke. Nikiishika nasikia inanivuta," na Asheri ameirudisha kambini. Bwana Misitu ameitia sindano nyingine.

Siku ya Noeli nilimpeleka kaburini. Alikaa chini akalia mpaka watu wa kanisani wakatoka, wakapita, wakaenda zao. Nilifurahi, Shemeji. Utashangaa, lakini nilifurahi.

Anakusalimu. Anasema bado hajapata Kiswahili cha neno lenu, na ameniagiza nikuulize swali hili, nami naliandika kama alivyolisema: "Sindano iliyogeuka, yenyewe inajua kwamba imegeuka?" Ukiwa na jibu, mwandikie yeye. Mimi usiniandikie.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Asheri, hata mchungaji. Nakuandikia wewe kwa sababu ulipita mlangoni.

Nilikuombeni mjifiche vichakani nyuma, nanyi mkafanya hivyo, kwa hiyo hamkusikia. Nilitokea mkono wa kushoto, kama nitokavyo zahanati. Gauni nililifulia stesheni kwako, nikalivaa likiwa bichi. Njiani nilijifundisha maneno ya kusema. Nilikuwa nimekwenda kumdanganya mgonjwa kwa faida yake. Tunafanya hivyo kila siku kazini, si dhambi.

Nikasimama kwenye ile nafasi ya mawe. "Hodi."

"Karibu, Mama Ruthi. Umechelewa leo."

"Zamu ilikuwa ndefu."

Akanivua viatu, akanipa jiwe la kukalia, akanimiminia maji kwenye kopo. Akaniuliza kama yule mama aliyezaa mapacha ameruhusiwa. Alikuwa na macho ya Anaeli niliyeolewa naye, si yule wa Julai. Nikamjibu kwamba ameruhusiwa.

Kisha nikasema nililojiandaa kulisema. "Nimehamishwa. Wamefungua zahanati mpya ng'ambo ya mlima, tunatakiwa leo. Nyumba tumepewa."

Aliguna. "Ndiyo maana wanaihamisha Gonja kila siku," akasema. Hakubisha. Akaanza kukunja blanketi, akazima moto kwa mchanga. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikaona kazi imekwisha.

Akasimama kando ya kile chumba kidogo, akashusha sauti. "Na Ruthi? Tumwamshe?"

Shemeji, mimi ni muuguzi. Macho ya mwanangu niliyafumba kwa mkono huu ninaoandikia. Radi haikunipiga, na sikushika dira yoyote. Lakini nilisogea nikatazama juu ya ile miiba. Majani yalikuwa yamebonyea katikati, kadiri ya mtoto wa miaka mitatu anayelala ubavu. Nikajiambia ni Anaeli aliyeyabonyeza alipokuwa anayapapasa. Nikasikia pumzi, zile fupi za mtoto mwenye mafua. Nikajiambia ni mto, mto uko karibu. Nikasikia na harufu ya mafuta ya nazi niliyokuwa nikimpaka kichwani. Hapo sikupata la kujiambia.

Asheri aliniuliza baadaye kwa nini nilikawia, mbona jua liligeuka niko ndani. Nilimwambia Anaeli alikuwa anakataa kuondoka. Si kweli. Anaeli alikuwa ameshabeba mzigo, amesimama mlangoni, ananingoja mimi. Mimi ndiye niliyekaa. Nilikaa karibu na ile miiba, nikaona sina haraka ya kwenda popote, na kwamba kama ningeinuka kuwasha moto jikoni tena, tungeweza kula hapo, sisi watatu, na kesho ningeamka niende zamu.

Anaeli ndiye aliyeniita. "Mama Ruthi. Tutachelewa."

Nikainuka. Sijui nguvu nilizipata wapi. Nikamwambia, "Tumwache alale. Amechoka sana."

Akafikiri. "Ni sawa," akasema. "Huku hakuna baridi."

Nikamshika mkono, tukatoka. Mliona tulivyotoka, mkasimama vichakani, Asheri akaanza kutukimbilia. Nanyi mliona nilivyomwachia Anaeli mkono nikarudi nyuma mara moja. Ulidhani nimesahau kitu, ukaniuliza kwa mbali, "Umeacha nini, Shemeji?" nami sikukujibu.

Nilirudi kufunga mlango. Niliufunga taratibu, nisimwamshe.

Lydia